Bendera ya Jamaica: rangi za Tanganyika, umbo la msalaba (historia, maana ya rangi na vipimo vya kuishona)

Nangakuu (mleta uzi) #1

Wakuu, kila ikikaribia tarehe 6 Agosti bendera ya Jamaica hujaa mitandaoni, na swali huwa lile lile: mbona ile ni kijani, nyeusi na dhahabu kama Tanganyika ya zamani? Wapo wanaosema Wajamaika waliiga, wapo wanaosema ni sadfa tupu. Ukweli uko katikati na unapendeza kuliko yote mawili, kwa hiyo nauweka hapa kwa mpangilio.

Kabla ya uhuru, Jamaica ilitumia bendera ya kikoloni ya kawaida: kitambaa cha buluu, bendera ya Uingereza kwenye kona ya juu karibu na mlingoti, na nembo ya koloni upande wa kupepea. Mwaka 1958 kisiwa kikaingia kwenye Shirikisho la West Indies, muungano wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Uingereza. Shirikisho hilo lilikuwa na bendera yake, buluu yenye mistari myeupe ya mawimbi na duara la jua katikati, iliyochorwa na mchongaji Edna Manley, mke wa Norman Manley, kiongozi wa serikali ya Jamaica wakati huo. Tarehe 19 Septemba 1961 Wajamaika walipiga kura ya maoni, asilimia 54 wakataka kutoka. Bila Jamaica shirikisho halikuwa na uzito, likavunjwa tarehe 31 Mei 1962. Aprili hiyo chama cha Alexander Bustamante kilikuwa kimeshinda uchaguzi kwa viti 26 dhidi ya 19, na siku ya uhuru ilikuwa imepangwa kuwa 6 Agosti.

Kwa hiyo nchi ilikuwa na miezi michache tu ya kupata bendera. Kazi ilikabidhiwa kamati ya bunge yenye wajumbe wa pande zote mbili, chama tawala na upinzani. Muundo wao wa kwanza ulikuwa wa mistari ya kulala, wenye rangi tatu tunazozijua: kijani, nyeusi, dhahabu.

Hapo ndipo Tanganyika inapoingia. Tangu tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilikuwa na bendera yake: kijani juu, nyeusi katikati, kijani chini, na mistari miembamba ya dhahabu ikitenga nyeusi na kijani. Asili yake ni bendera ya TANU, iliyokuwa kijani, nyeusi na kijani. Bendera nyingine ya mistari ya kulala na rangi zile zile isingetofautishika nayo kwa mbali, hasa kitambaa kikiwa hakina upepo. Kamati ya Jamaica haikutupa rangi. Ilitupa mistari, ikaweka msalaba wa mshazari unaotoka kona hadi kona.

Bendera ikapandishwa usiku wa manane kuamkia tarehe 6 Agosti 1962 katika Uwanja wa Taifa, Kingston, ambao ulikuwa mpya kabisa. Princess Margaret alimwakilisha Malkia, na Lyndon Johnson, wakati huo makamu wa rais wa Marekani, alikuwepo.

Lililo zuri zaidi kwangu ni kilichotokea baadaye. Tarehe 30 Juni 1964, baada ya Muungano, Tanganyika nayo iliacha mistari ya kulala ikachukua mshazari ili buluu ya Zanzibar ipate nafasi yake. Kwa hiyo umbo lile Wajamaika walilokimbia liliachwa na wenyewe ndani ya miaka miwili.

Bin Kombo #2

Ahsante sana mkuu. Mimi niliwahi kusikia habari tofauti: kwamba ule msalaba ni wa dini, ni msalaba wa Mtakatifu Andrea kama ule wa Skotilandi, na kwamba kuna mchungaji aliyehusika. Hilo nalo ni kweli, au ni maneno ya mitandaoni?

Nangakuu #3

Bin Kombo, habari hiyo ipo na inasimuliwa sana Skotilandi na Jamaica pia. Inamtaja mchungaji wa Kiskoti, William McGhie, aliyekuwa na urafiki na Bustamante. Inasemekana alimshauri kwamba nchi ya Kikristo iwe na msalaba kwenye bendera yake, akauchora ule wa Skotilandi na kuupaka rangi za Jamaica.

Habari hizo mbili hazipingani. Tanganyika inaeleza kwa nini mistari ya kulala iliondoka. McGhie anaelezwa kama sababu ya kuja msalaba na si umbo lingine. Kosa ni la yule anayeichukua moja na kuifuta nyingine. Ila kwenye maelezo ya serikali ya Jamaica kuhusu maana ya bendera, msalaba wenyewe haupewi maana ya kidini. Maana imewekwa kwenye rangi peke yake.

Ngoma_Buja #4

Msisahau jirani yenu jamani. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, wiki tano tu kabla ya Jamaica, na bendera yake nayo ni msalaba wa mshazari unaogawa pembetatu nne. Burundi msalaba ni mweupe, nyekundu juu na chini, kijani kushoto na kulia. Katikati kuna duara jeupe, ambalo mwanzoni lilikuwa na ngoma ya kifalme na mtama. Ufalme ulipoondolewa mwaka 1966 ngoma iliondoka, na mwaka 1967 zikaja nyota tatu.

Tofauti ya kiufundi ni hiyo duara. Burundi inaficha pale mikono inapokutana, kwa hiyo mshonaji akikosea kidogo katikati hakuna anayeona. Jamaica haina cha kuficha. Makutano yako wazi, kosa la sentimita moja linaonekana ng'ambo ya barabara.

Kipepeo254 #5

Sasa wacha niseme kuhusu kosa linaloniuma zaidi: nyekundu. Fulana, kofia, bangili, kila kitu kinachouzwa kama "Jamaica" kina nyekundu, njano na kijani. Hiyo si bendera ya Jamaica. Hizo ni rangi za Uhabeshi, walizozichukua Rastafari kwa heshima ya Haile Selassie, ambaye alifika Kingston tarehe 21 Aprili 1966, karibu miaka minne baada ya bendera kupandishwa. Bendera ya taifa haina nyekundu hata tone.

Na si nyekundu tu. Haina nyeupe wala buluu. Tazama bendera za mataifa yote huru ya leo, Jamaica ni ya pekee isiyo na hata moja kati ya rangi hizo tatu. Zamani ilikuwa na wenzake: Libya ya kijani tupu, iliyoachwa mwaka 2011, na Mauritania, ambayo mwaka 2017 iliongeza mistari miwili ya nyekundu. Jamaica ikabaki peke yake.

Watu pia huchanganya na rangi za Marcus Garvey, ambaye ni mzaliwa wa St Ann's Bay, Jamaica. Bendera ya UNIA, chama alichokianzisha Garvey, ya mwaka 1920 ni nyekundu, nyeusi na kijani. Kwa hiyo kuna makundi matatu na kila moja lina mwenyewe: Garvey nyekundu-nyeusi-kijani, Rastafari nyekundu-njano-kijani, taifa nyeusi-kijani-dhahabu. Ukiandaa bango la sherehe ya ubalozi au la timu ya riadha, ni hilo la tatu tu.

Zamda M. #6

Naomba mnisaidie kwenye maana. Kitabu kimoja kinasema nyeusi ni "taabu", kingine kinasema nyeusi ni "nguvu na ubunifu wa watu". Kipi ni sahihi? Naandaa somo la darasa la saba, sitaki kuwafundisha watoto kitu kilichopitwa.

Nangakuu #7

Mwalimu Zamda, vyote viwili vilikuwa sahihi kwa wakati wake, na hapa ndipo penye kiini cha bendera hii.

Maana ya mwaka 1962 ilikaa kwenye sentensi moja ambayo kila mtoto wa shule Jamaica aliikariri. Kwa Kiswahili ni hivi: "Taabu zipo, lakini ardhi ni ya kijani na jua linawaka." Nyeusi ilikuwa taabu, zile zilizoshindwa na zile zilizo mbele. Dhahabu ilikuwa utajiri wa asili na uzuri wa jua. Kijani ilikuwa matumaini na rasilimali za kilimo.

Ni sentensi nzuri masikioni. Lakini fikiria inavyosikika katika nchi ambayo wengi wa watu wake ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa kule utumwani. Rangi ya ngozi yao ndiyo imepewa kazi ya kubeba neno "taabu", huku matumaini na uzuri vikienda kwa rangi nyingine. Malalamiko hayo yalidumu. Mwaka 1996 kamati ya kupitia alama za taifa, iliyoundwa na Waziri Mkuu P. J. Patterson na kuongozwa na Rex Nettleford, msomi na mcheza ngoma mashuhuri, ilipendekeza nyeusi iwe nguvu na ubunifu wa watu. Dhahabu na kijani zikabaki na maana zake.

Linganisha na Tanganyika. Kule nyeusi ilikuwa watu tangu siku ya kwanza, 9 Desemba 1961: kijani ardhi, dhahabu madini, nyeusi wananchi. Rangi zile zile tatu, tofauti ya miezi minane, na Jamaica ikachukua miaka 34 nyeusi yake kufika kwa watu. Hakuna uzi uliobadilishwa kwenye kitambaa. Kilichobadilika ni maneno.

Kwa darasa la saba andika maana ya 1996 kuwa ndiyo inayotumika, kisha wape sentensi ya 1962 kama historia. Watoto wataelewa wenyewe kwa nini ilibadilishwa.

Zamda M. #8

Ahsante sana. Na ile nembo yenye mamba na mananasi, inahusiana na bendera?

Nangakuu #9

Ni vitu viwili, mwalimu. Nembo ni ya mwaka 1661: ngao nyeupe yenye msalaba mwekundu na mananasi matano ya dhahabu, Mtaino mwanamke na Mtaino mwanamume (Wataino ndio wenyeji wa asili wa kisiwa) wameishika, na mamba juu. Nembo hiyo ndiyo iliyokaa kwenye ile bendera ya buluu ya kikoloni. Mwaka 1962 nembo ilibakizwa, kilichobadilishwa ni kaulimbiu: Kilatini kiliondolewa, ikaja ile inayosema kwamba kutoka kwa wengi wametoka watu wamoja. Haimo kwenye bendera ya taifa kabisa. Ukiona bendera ya Jamaica yenye nembo katikati, ni ubunifu wa muuzaji.

Fundi Mwajuma #10

Shikamooni wakubwa. Mimi niingie upande wa kitambaa, maana bendera hii huwapiga chenga mafundi wengi. Msalaba wa mshazari ni mgumu kuliko mistari, na sababu ni hesabu.

Uwiano rasmi ni 1 kwa 2. Tuseme sm 90 kwa 180. Makosa mawili makubwa huanza hapo hapo.

La kwanza, fundi huchora msalaba kwa nyuzi 45 kwa mazoea. Kwenye sm 90 kwa 180, mstari wa nyuzi 45 kutoka katikati unagonga ukingo wa juu sm 45 kabla ya kona. Msalaba unakuwa umekaa katikati kama herufi ya x, na kona nne zinabaki tupu. Mikono ya Jamaica lazima iingie kwenye kona. Hivyo inalala kwa nyuzi 26.6 tu kutoka ukingo wa chini.

La pili, duka la kuchapisha lina kipimo cha sm 90 kwa 150, basi wanaivuta picha iingie. Mikono inasimama hadi nyuzi 31 na pembetatu nyeusi zinabanwa. Mashindano makubwa huamua bendera zote ziwe na uwiano mmoja, hapo huna la kufanya. Lakini kwa mlingoti wa ofisi au shule, dai 1 kwa 2.

Sasa njia isiyohitaji kipimapembe. Chukua upana wa mkono wa dhahabu, kwa mfano sm 15. Zidisha kwa 1.12 upate 16.8. Zidisha hiyo 15 tena kwa 0.56 upate 8.4. Namba hizo mbili zinatosha kwa bendera nzima:

Kwenye kingo za juu na chini, weka alama sm 16.8 kutoka kila kona. Kwenye kingo za mlingoti na za kupepea, weka alama sm 8.4 kutoka kila kona. Tafuta katikati ya bendera, kisha weka alama sm 16.8 kushoto na kulia kwake, na sm 8.4 juu na chini yake. Unganisha kwa rula ndefu. Pembetatu nne zimetoka zenyewe.

Pembetatu ya kijani inakuwa na kitako cha sm 146.4 na kimo cha sm 36.6. Nyeusi ina kitako cha sm 73.2 na kimo cha sm 73.2. Jicho linadanganyika kuona kijani ni kubwa zaidi kwa kuwa ni ndefu. Pigeni hesabu: kitako mara kimo gawa kwa mbili, zote zinatoa sentimita za mraba 2,679. Kijani na nyeusi huwa sawa daima, uwe mkono mpana au mwembamba. Na kwa upana huu wa sm 15, dhahabu nayo inachukua karibu theluthi moja.

Bin Kombo #11

Fundi, hongera kwa hesabu. Kitambaa gani, na kiasi gani? Na mpangilio wa kushona ukoje?

Fundi Mwajuma #12

Marahaba kaka, tuendelee.

Kitambaa: nailoni ya bendera au poliesta iliyofumwa kwa ajili ya nje. Pamba inapendeza ndani ya ukumbi, lakini nje inanywa maji ya mvua, inakuwa nzito na haipepei. Ukitumia pamba, ifue kwanza rangi zote tatu kabla ya kukata, zisije zikaruka tofauti baada ya kushonwa. Na ijaribu nyeusi: lowesha kipande, kikandamize kwenye kitambaa cheupe. Ikiacha doa, itaichafua dhahabu mvua ya kwanza.

"Dhahabu" ya bendera ni njano iliyokolea yenye joto, si njano ya ndimu, na si kitambaa cha kumetameta. Vitambaa vya kung'aa vya magauni ya harusi vinageuka kijivu kwa mbali, msalaba unapotea.

Kiasi, kwa kitambaa cha upana wa sm 150: kijani mita 1.7, nyeusi mita 1.25 ukizipanga pembetatu mbili kwa kugeuziana kichwa na miguu, dhahabu mita 2.1. Dhahabu itabaki nyingi kwa sababu bendera moja inatumia vipande viwili vya sm 18 tu. Mita hizo 2.1 zinatosha mikono ya bendera nne, kwa hiyo ukiwa na oda, shona nne pamoja.

Kukata: kitako cha kila pembetatu kilale sambamba na uzi wa mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa. Kitako ndicho ukingo wa nje wa bendera, na hutaki ukingo wa nje uvutike. Pande nyingine mbili zitakuwa hanamu, na hanamu inavutika. Ndiyo maana kabla ya kuunganisha chochote unapitisha mshono mmoja wa kuzuia, nusu sentimita kutoka ukingoni, pande zote za hanamu. Mikono ya dhahabu ikatwe kufuata mtande, isikatwe hanamu hata kidogo. Hiyo ndiyo inayoshika bendera isivimbe. Ongeza sm 1.5 kila upande wa mshono na sm 2 kwenye kingo za nje.

Mpangilio: mkono mmoja uwe mrefu bila kukatika, kona hadi kona. Mshazari wenyewe ni sm 201, nawe unakata 210 ili upate pa kupunguzia. Mkono wa pili ni nusu mbili za sm 105.

Shona nyeusi ya upande wa mlingoti, nusu mkono, na kijani ya chini. Hapo una pembetatu moja kubwa. Shona kijani ya juu, nusu mkono wa pili, na nyeusi ya upande wa kupepea. Pembetatu kubwa ya pili. Usipunguze ncha za ndani za nusu mikono mpaka hatua hii. Sasa weka rula kwenye ukingo mrefu wa kila pembetatu kubwa na ukate mara moja, mstari ulionyooka. Kisha zishone zote mbili kwenye ule mkono mrefu.

Pa kukosea ni hapo mwisho. Nusu mbili za mkono lazima zitazamane kamili ng'ambo ya mkono mrefu. Weka chaki katikati ya mkono mrefu pande zote mbili, bana kwa pini kuanzia katikati kwenda kwenye kona, si kutoka kona. Ukianza kwenye kona, makosa yote yanakusanyika katikati, pale pale ambapo Ngoma_Buja amesema hakuna cha kuficha.

Mishono yote iwe ya kukunja na kufungia ndani, kama mguu wa suruali ya jinzi, kwa sababu bendera inaonekana pande zote mbili.

Mlingoti #13

Nyongeza kwa Fundi: ukingo wa kupepea ndio unaokufa kwanza. Upepo unaupiga kama mjeledi. Pindo liwe la mikunjo miwili na mistari minne ya mshono, na kwenye zile kona mbili ongeza kiraka cha pembetatu kwa nyuma, cha dhahabu ile ile kwa kuwa kona ni za dhahabu. Upande wa mlingoti weka utepe wa turubai wa sm 5 wenye pete za shaba juu na chini. Utepe huo hauhesabiwi kwenye sm 180.

Bendera ikianza kuchanika nyuzi upande wa kupepea, ishushe siku hiyo hiyo. Wengi hukata sehemu iliyochakaa na kupinda upya. Kwa bendera ya mistari inavumilika kidogo. Kwa hii haiwezekani: ukikata sm 5 tu, mikono haiingii tena kwenye kona, na macho yanaona mara moja.

Sasa adabu zake, kwa mujibu wa kanuni za Jamaica. Isiguse ardhi wala sakafu. Isiwe ndogo kuliko bendera nyingine inayopepea nayo. Isiwekwe bendera yoyote juu yake wala kuliani kwake, isipokuwa kwenye balozi za nje. Isitandazwe juu ya magari ila katika shughuli za kijeshi, polisi na za kitaifa. Isitumike kama pambo la kitu cha kutupwa. Ikichakaa, huchomwa moto.

Kulia hapo ni kulia kwa bendera yenyewe, yaani kushoto kwako wewe unayeitazama. Kosa hili nimeona likirudiwa kwenye mipangilio mingi ya kumbi: mpangaji anasimama mbele, anaweka "kulia" kwake, na mgeni wa heshima anakaa nafasi ya pili.

Nusu mlingoti: ipandishe kwanza hadi juu kabisa, isimame kidogo, ndipo uishushe. Jioni ipandishe tena hadi juu kabla ya kuiteremsha.

Zamda M. #14

Je, inawezekana kuipandisha kichwa chini kwa bahati mbaya?

Mlingoti #15

Haiwezekani, mwalimu, na ni moja ya sifa zake. Juu na chini ni kijani, kushoto na kulia ni nyeusi. Igeuze juu chini, igeuze mbele nyuma, ni ile ile. Tanganyika ya 1961 nayo ilikuwa hivyo. Tanzania ya leo haiko hivyo: ukiipindua, buluu inakuja juu na kijani inakwenda chini, na ni kosa.

Kosa la Jamaica ni la robo mzunguko. Mchapishaji anabadilisha nyeusi iwe juu na chini, kijani iwe pembeni. Kumbuka hivi: nyeusi ndiyo inayogusa mlingoti.

Kipepeo254 #16

Kwa wapenda riadha: medali za dhahabu za Arthur Wint London 1948 na za kupokezana vijiti Helsinki 1952 hazikuwa chini ya bendera hii, zilikuwa za enzi ya ukoloni. Roma 1960 wanariadha wa Jamaica walikwenda na timu ya shirikisho. Medali ya kwanza ya Olimpiki chini ya nyeusi, kijani na dhahabu ni fedha ya Lennox Miller, mita 100, Mexico 1968. Dhahabu ya kwanza ni ya Don Quarrie, mita 200, Montreal 1976. Ukitengeneza video ya historia usiweke bendera hii nyuma ya Wint.

Bin Kombo #17

Swali la mwisho upande wa kuona. Bendera zenye kijani na nyeusi huwa zinagandana kwa mbali, lakini hii inasomeka vizuri hata kwenye televisheni ndogo. Ni ile dhahabu?

Nangakuu #18

Ndiyo. Kijani na nyeusi zote ni rangi nzito. Zikigusana, jicho halipati mpaka. Kanuni ya kale ya nembo inataka rangi nzito itengwe na nyingine kwa dhahabu au nyeupe. Tanganyika iliitii kwa mistari miembamba, na Tanzania inaitii hadi leo pembezoni mwa ukanda mweusi. Jamaica ilichukua kile kitenganishi ikakifanya ndicho mhusika mkuu. Hakuna mahali kijani inapogusa nyeusi, hata nukta moja.

Ndiyo maana pia bendera za merikebu za biashara za Jamaica, ambazo ni nyekundu zenye bendera hii kwenye kona, bado zinasomeka ingawa ile kona ni ndogo.

Zamda M. #19

Fundi Mwajuma, nataka wanafunzi waitengeneze kwa karatasi za manila, sm 60 kwa 120. Nipe vipimo tafadhali.

Fundi Mwajuma #20

Mwalimu, mkono uwe sm 10. Alama za kona: sm 11.2 juu na chini, sm 5.6 pembeni. Kijani kitako 97.6, kimo 24.4. Nyeusi kitako 48.8, kimo 48.8. Karatasi nzima ya chini iwe ya dhahabu, pembetatu nne zibandikwe juu yake. Hapo msalaba unajitokeza wenyewe na hakuna mkono wa kukata.

Wape kazi ya kukagua: wakunje pembetatu ya kijani katikati, waikate ziwe vipande viwili, wavipange juu ya nyeusi, upande wa sm 48.8 ukigusana na upande wa sm 48.8. Zikilingana kabisa, wamepima vizuri. Gundi iwe ya fimbo, ya maji inakunja manila.